Kwa Mkurugenzi wa Madishi, Kuhusu Nyota Inayochelewesha Harusi ya Binti Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini u mzima, wewe na madishi yako yote ya kusikiliza nyota. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba ya bati jekundu inayotazamana na uzio wenu. Binti yangu ameposwa na mtaalamu wako wa chumba cha mitambo, yule mwembamba anayevaa masweta mawili. Nakuandikia kwa heshima, ingawa yamenifika shingoni.

1. Harusi imeahirishwa mara tatu. Mtaalamu ameapa haoi mpaka apate nyota inayojizungusha mamia ya mara kwa sekunde, ikitoa mapigo ya redio. Mtu mzima na akili zake, anamsubirisha mchumba kwa ajili ya nyota!

2. Nyota yenyewe si ya kwetu. Anakiri kwamba za aina hiyo zipo tele katika galaksi yetu, ila yeye anaitaka ya galaksi ya jirani. Binti yangu nimemlea asichungulie kwa majirani. Na huyu anayechungulia mbali hivyo, akija kula kwangu haioni chumvi iliyo mbele yake.

3. Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi mchana, dishi linapoelekea huko, mmetuamuru wakazi wa karibu tuzime kila chenye mota, maana eti dishi husikia hata kelele zake. Cherehani yangu ya umeme imo. Nimetii kama askari. Lakini ndizo saa pekee ambazo wateja hawaji, maana wanajua nimezima. Gauni la bibi harusi nilishone lini?

4. Binti yangu siku hizi anakunja vitambaa bila kuimba. Hili ndilo linaloniuma. Hayo mengine ningeyameza.

Kwa hiyo naomba umwamuru aoe kwanza, nyota ifuate. Ikishindikana, mpeni yoyote ya hapa karibu, hata iwe inazunguka polepole. Hilo nalo likishindikana, dishi ling'olewe, ligeuzwe tangi la maji la mtaa.

Msalimie katibu wako, walinzi wa getini, na paka wao.

Wako katika subira iliyobaki,
Mama mkwe mtarajiwa

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, mtaalamu akaingia mbio, sweta moja tu, analia kwa furaha. Nyota imepatikana! Harusi ni mwezi ujao, na binti anaimba mpaka jikoni. Nami nilipiga vigelegele, hadi aliponieleza inavyosikika: inapiga kwa kasi, inanyamaza kidogo, inapiga tena, kama mtu anayebadilisha uzi. Ilianza kusikika Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, siku na saa niliyoanza gauni.

Mheshimiwa, lisahau lile tangi. Dishi lisiguswe mpaka harusi ipite. Gauni limebaki pindo tu, na kila nikilimaliza, nalifumua nikalishona upya, Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi.