Maiti Yenye Feni

Fundi Asali hakupewa jina hilo kwa utamu wa kazi yake, Mungu atuepushe, bali kwa utamu wa ulimi. Kompyuta aliyoitengeneza yeye ilipona mbele ya mwenyewe, ikaugua tena fundi akishakata kona. Ila sasa alikuwa amechoka kuzurura na begi mgongoni. Ukumbi mmoja wa michezo ya kompyuta ulikuwa na meza tupu karibu na mlango, na mwenye ukumbi alishatoa neno: atakayemletea kadi kubwa ya picha, ile inayofanya magari ya kwenye skrini yakimbie bila kukwama, meza ni yake. Asali aliitaka meza ile kuliko alivyowahi kutaka mke.

Siku aliyoitwa saluni, alikwenda bila matumaini makubwa. Msusi mwenye saluni, mwanamke mpole mwenye vidole vyepesi, alikuwa na kompyuta nyuma ya pazia, na akikosa wateja alicheza mashindano ya magari. Akalalamika kwamba gari lake linashtuka-shtuka, likifika kwenye kona linaganda, na likija kuzinduka liko mtaroni.

Asali akafungua boksi. Vipuri vya humo vilikuwa vya kuokoteza, kila kimoja na kwao. Vijiti viwili vya ramu, kumbukumbu ya mashine, kimoja cha mbio na kingine cha kujikongoja, kwa hiyo mwenye mbio anamsubiri kiwete. Na katikati ya ufukara huo, lo, kadi ya picha pana kama sinia, feni zake zinazunguka kwa madaha. Akafuata waya wa skrini kwa macho na mate yakamjaa mdomoni. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye bodi kuu ya kompyuta, wala si kwenye kadi. Kosa la wasiojua! Kadi nzima imekaa humo kama mgeni asiyetumwa hata maji, bodi masikini ndiyo inayochora picha zote. Kuuhamisha waya ule kungetosha kumaliza ugonjwa.

Mtu mwema angeuhamisha. Asali akavua kofia.

"Dada, pole sana," akasema kwa sauti ya msibani. "Hii kadi imekufa."

Wateja waliokuwa wakisukwa wakageuza vichwa, nusu vimesukwa, nusu timtim. Mmoja wao, shangazi mtu mzima, akauliza mbona feni zinazunguka. Asali akamweleza kwamba hata kuku aliyechinjwa hurukaruka. Kisha akatoa darasa la ndoa: kadi hii ni binti wa tajiri aliyeozwa kwa pawa sapulai, mgawa umeme wa kimasikini, akafa kwa njaa, na sasa maiti inawaharibia walio hai. Wateja wakasikitika kwelikweli.

Msusi akauliza kama ana hakika, na kama asingependa kuijaribu kwanza. Asali akashtuka. Kuijaribu? Ifufuke mbele ya mashahidi wote hawa? Akaapa kwa ujuzi wake wote kwamba imekufa, imekufa kabisa, na kumjaribu marehemu ni kumkosea adabu. Yeye mwenyewe ataichukua akaitupe, na kwa huruma atamwekea kadi ndogo lakini nzima, pamoja na ramu mbili zinazofanana.

Hiyo kadi ndogo na hizo ramu alikwenda kuzing'oa kwenye kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Roho ilimuuma kidogo, lakini ukitaka kuvua samaki lazima chambo kiende majini. Akafunga kila kitu vizuri, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, akaondoka na maiti kwapani, karibu apige mluzi.

Ukumbini kadi ikachomekwa. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi tii. Wakabadilisha waya, wakabadilisha skrini, wakabadilisha hata pawa sapulai. Giza. Mwenye ukumbi akainusa, ikanuka kuungua, akamrudishia Asali bila kumtazama usoni, na meza akapewa mama mmoja anayeuza chaja.

Asali akarudi saluni akihema. Msusi alikuwa nyuma ya pazia, gari lake linateleza kwenye kona kama mafuta.

"Dada, ulijua imeungua?"

"Niliuziwa hivyohivyo, mdogo wangu. Aliyeniuzia ndiye aliyechomeka waya kwenye bodi ili nione picha mpaka apotee." Hakutoa macho kwenye skrini. "Mafundi wengine walikuja, wakaijaribu, wakaniambia ukweli, wakaenda zao. Wewe ndiye uliyekataa kuijaribu."

Asali akaomba basi arudishiwe walau ramu zake. Wateja wakaangua kicheko. Msusi akasimamisha gari, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ulisema imekufa, mimi nikakuamini. Wewe ndiye hukuyaamini maneno yako."

Asali akanywea. Alikuwa anatafuta mlango ulipo wakati yule shangazi alipomnyooshea simu yake. Inakwamakwama, akasema, sijui imekufa?

Asali akafungua mdomo, jibu tayari liko ulimini, tamu kama kawaida. Akalimeza.

"Lete niijaribu kwanza," akasema.