Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kudhibiti Sauti ya Besi, Kabla ya Bugi ya Jumapili Mchana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake mnakiona hapa mbele kikiwa na kitambaa cha maua lakini bila yeye. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naarifiwa dakika hii kwamba ni mimi. Wazee wa mtaa. Wazee wa kanisa mliopita tu kuhakikisha kwamba watoto wenu hawamo. Viongozi wa akina mama. Mabwana na mabibi wa suruali pana na viatu vya soli nene. Wasanii wenzangu wa bendi. Na zaidi ya wote Mama Teresiah, mzazi wa mwimbaji wetu Lydiah, uliyetoka Murang'a alfajiri ukaketi safu ya kwanza tangu saa nane: hamjambo? (Hatujambo!) Sikusikia. Hamjambo? (Hatujambo! Pigeni muziki!) Ahsanteni kwa mapokezi haya ya hali ya juu.

Kwa wale wachache ambao bado hamjapata bahati ya kunifahamu, mimi ndiye Phares Ochola, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi huu, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kudhibiti Sauti ya Besi, Mlezi wa bendi, na vilevile, kwa wadhifa mwingine kabisa ambao naomba usichanganywe na hizo nyingine, mpigaji wa gitaa la besi. (Kicheko.) Sioni kinachochekesha. Nimeomba dakika tano tu kabla dansi letu la bugi halijaanza, ili nizindue rasmi, mbele yenu na mbele ya historia, Mradi Kabambe wa Udhibiti wa Sauti ya Besi, Phase One, ambao mataifa mengi yaliyoendelea yameushindwa na ambao sisi, watu wa mtaa huu, tumeukamilisha kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi machache. Sauti kutoka nyuma: "Maliza bwana, ni saa tisa na nusu!")

Saa naiona. Mtakumbuka kwamba Mama Teresiah alikuja hapa mara ya kwanza mwezi wa Februari mwaka huu wa 1977, kumsikiliza binti yake. Aliketi papo hapo alipo. Bendi ilipiga nyimbo kumi na moja, na Lydiah aliziimba zote, naapa, kwa maana nilimwona kwa macho yangu. Mama akarudi nyumbani, na walipomwuliza kanisani binti yake anafanya kazi gani Nairobi, aliwajibu, kwa mujibu wa taarifa zilizoifikia ofisi yangu, kwamba ameajiriwa kufungua na kufunga mdomo mbele ya watu huku nyumba inatetemeka. (Kicheko kirefu. Mama Teresiah hacheki.) Na Alhamisi iliyopita Lydiah alinijia akilia, akaniambia mama yake ameamua: leo ndiyo mara ya mwisho. Asipomsikia binti akiimba kwa masikio yake mwenyewe, wanarudi wote wawili na basi la saa kumi na moja, na cherehani imeshatafutwa huko nyumbani inamngoja. Hilo, mabibi na mabwana, ni jambo zito la kitaifa, na ofisi yangu haikulilalia.

Kwanza niliunda Tume. Tume ilifanya feasibility study ya kina, ikawahoji wakazi mia mbili na kumi na sita, na kugundua kwamba asilimia tisini na nne nukta saba ya malalamiko yote kuhusu besi yanatoka kwa watu wenye masikio. (Sauti: "Mimi sikuhojiwa!" Nyingine: "Hata mimi!" "Nani alihojiwa?") Waliohojiwa wapo, ila leo wana shughuli. Tume ilichunguza mabati, ikayakuta na hatia. Ilimchunguza Irungu, mpiga ngoma wetu, ikamkuta na hatia kubwa zaidi. (Irungu anagonga ngoma mara moja kwa hasira.) Mnaona wenyewe. Tena wataalamu wetu walithibitisha kwamba upepo unaotoka upande wa Soko la Burma hubeba moshi wa nyama choma, na moshi ule una mafuta, na mafuta ni mazito, na besi ikipita ndani yake nayo huwa nzito. Mpaka hapo sidhani kuna mwenye swali. (Mtu mmoja anacheka mpaka anakohoa.)

Baada ya ripoti hiyo, niliidhinisha cheo kipya cha Afisa wa Sauti, mtu mwadilifu, mwenye uzoefu, ambaye kazi yake ni kusimama karibu kabisa na amplifaya ya besi na kuripoti kiwango cha sauti kwa Mwenyekiti. Baada ya usaili mkali nilipewa kazi hiyo mimi. Nikasimama. Nikasikiliza kwa makini ya kiserikali. Nikaripoti kwangu mwenyewe kwamba sauti ya besi iko chini mno na ninaomba iongezwe. Nililitafakari ombi hilo, nikaona lina msingi, nikaliidhinisha, na kitufe kikatoka tano kikaenda saba, ambapo kimekaa kwa uthabiti mkubwa hadi leo, bila kuyumba, licha ya barua za kunichafulia jina. Hayo ndiyo maendeleo! Hiyo ndiyo coordination! (Sauti ya mwanamke kutoka mlango wa nyuma: "Bwana Ochola!")

Naona tumepata mgeni. Huyo ni Mama Truphena, anayetuuzia chai na mandazi nje, nyuma ya ukuta huu. Mama Truphena, maswali yatapokelewa kwa maandishi.

("Maandishi gani? Vikombe vyangu vinatembea kwa meza! Kila Jumapili naokota vipande! Wewe husikii hiyo kitu kwa sababu umeiweka hapo chini nyuma yako. Inapigia magoti yako kelele, na magoti haina masikio!" Ukumbi mzima unapiga kelele na kugonga viti.)

Utulivu. Utulivu tafadhali. Hoja ya Mama Truphena imepokelewa na itapelekwa kwa idara ya ufundi, ambayo... (Sauti: "Ambayo ni wewe!") Ndiyo, ambayo ni mimi, lakini kwa utaratibu. Phase Two itaanza mwezi wa... Mama Teresiah, mbona unachukua kiondo chako? Mama, bado hatujafika kwenye bajeti. (Mama Teresiah anafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Lydiah amesimama kando ya jukwaa, anakunja na kukunjua karatasi yenye maneno ya wimbo.)

Ngoja. Ngoja kidogo, Mama. Nilikuwa na kurasa nne zaidi hapa, za takwimu. Naziweka mfukoni.

Ndugu zangu, magoti. Ni kweli kabisa. Miaka mitatu nimekuwa nikihisi suruali inapepea kwenye miguu, nikadhani ni furaha. Nikisimama hapa nasikia gitaa la Matheka, mpiga solo wetu, namsikia Irungu, sijisikii mimi, basi naongeza. Nami nilitaka nisikike, sitaki kuwadanganya katika hilo moja. Mchana kutwa nakaa ofisini nikiandika barua zinazotiwa sahihi na mtu mwingine. Jumapili nilitaka mtu apite huko barabarani akiwa na kabeji zake aseme, aah, leo Ochola yupo. Haikunijia hata siku moja kwamba hapa mbele ameketi mama aliyesafiri tangu alfajiri kutafuta sauti ya mtoto wake, na mimi nimeikalia. Naona aibu, na aibu yenyewe haina kamati ya kuipelekea.

Mama Truphena, unafanya nini? (Mama Truphena amepanda jukwaani na kreti mbili za soda. Yeye na Irungu wanaiinua amplifaya ya besi, wanaiweka juu ya kreti, wanaigeuza imtazame Mwenyekiti usoni. "Sasa piga," anasema. "Hapo kwa saba yako.")

Kwa heshima ya mama, nitapiga mara moja tu, kwa ajili ya utafiti. (Anapiga. Madirisha yanalia. Mwenyekiti anaachia gitaa na kushika masikio.) Mungu wangu! Yesu na Maria! Hii ndiyo mmekuwa mkisikia? (Ndiyooo!) Kila Jumapili? (Ndiyooo!) Miaka mitatu? (Ndiyo!) Na mlikuwa mnakuja tu? (Sauti: "Tulikuwa tunakuja sababu ya gitaa ya Matheka!" Kicheko cha ukumbi mzima. Matheka anainama kwa heshima.)

Basi mniangalie mkono wangu. Saba. Sita. Tano. (Bado!) Nne, ni nani amesema bado? Tatu. Mbili. Hapa kwa mbili, mbele ya hili sanduku, najisikia vizuri sana, kwa kweli zaidi ya ninavyostahili. (Makofi makubwa, ya kwanza ya siku.) Na wimbo wa kwanza nitaupiga nikiwa nimeketi, ili nisipate tamaa.

Kabla sijaketi, naomba tuseme pamoja kaulimbiu za mradi. Besi! (Chini!) Besi! (Chini!) Lydiah! (Juu!) Mwenyekiti! (Chini!) Hiyo haikuwa kwenye ratiba, lakini ahsanteni.

Na sasa shukrani. Naishukuru Tume, ambayo haikuundwa. Nawashukuru wakazi mia mbili na kumi na sita waliohojiwa, niliowahesabu leo asubuhi nikinyoa ndevu. Naishukuru Kamati Ndogo, ambayo haijawahi kukutana kwa sababu kila nilipoiita nilikuwa mazoezini. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye sikumwalika. Nilitaka tu mkione kiti. Hakuna Phase One, wala hakukuwa na mradi. Kulikuwa na barua za majirani ambazo sikuzifungua, na mkono wangu kwenye kitufe. Mama Teresiah, nakuomba uweke kiondo chini kwa wimbo mmoja. Ukiisha, na ukiona bado unataka kwenda na binti yako, nitawabebea mizigo mpaka kwenye basi mimi mwenyewe. Lydiah, maikrofoni hii hapa.

(Lydiah anaichukua. Matheka anaanza polepole, Irungu anamfuata, besi inaingia kwa chini. Lydiah anaimba ubeti wa kwanza, macho yake yakiwa kwa mama yake. Mama Teresiah amesimama na kiondo mkononi, hajaketi, hajaondoka.)

Mabibi na mabwana, kwa dakika moja tu, kama Mwenyekiti ningependa kuongeza kwamba...

("Nyamaza wewe," anasema Mama Teresiah. "Mtoto wangu anaimba.")