Kiti Kando ya Baba Mkwe

Jumanne, 9 Septemba

Tiketi zimefika! Shemeji Mutisya anaoa Kisumu Jumamosi na ametutumia nne za ndege: baba mkwe, mama mkwe, mimi na Kasyoka. Wake zetu wametangulia kwa basi kusaidia mapishi. Mimi na Kasyoka tumeoa mtu na dada yake, na sote wawili tunaitaka ile ploti ya baba mkwe pale sokoni Mukuyuni. Mzee hajasema atamwachia nani ajenge duka. Atasema. Nami nitakuwa nimekaa ubavuni mwake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimejitolea kuwafanyia wote cheki-in kwa simu, yaani kuthibitisha safari na kuchagua viti, maana mwenye saiba, duka la intaneti na fotokopi, ni mimi. Baba mkwe amesema nina moyo safi. Ninao! Viti viko viwili viwili. Nimejiweka na mzee, halafu Kasyoka nikamweka bega kwa bega na mama mkwe. Nimecheka peke yangu mpaka mteja wa fotokopi akaondoka. Kwetu Ukambani mkwe hamkaribii mama mkwe; wakikutana njiani, anakata kona aingie kichakani. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu. Mkwe atakayeivunja, habari za ploti atazisikia kwa majirani.

Nimezichapisha pasi za kupandia ndege, nikazipiga laminesheni ya plastiki zote nne. Kitu cha maana hakiachwi uchi.

Alhamisi, 11 Septemba

Hasira! Huko uwanja wa ndege Nairobi, dada wa langoni amesema plastiki inang'aa, mashine haisomi, tukachapishiwe upya kaunta. Nikamwambia hata cheti changu cha ubatizo kina plastiki. Akasema foleni ni ile kule.

Mama mkwe alikuwa karibu na foleni, kwa hiyo nikabaki nyuma ya nguzo, nimempa kisogo. Heshima kwanza. Kasyoka akajitolea kwenda na pasi zote. Nikamwacha ahangaike! Amerudi na pasi mpya, anatabasamu. Yangu: kiti cha kando ya mama mkwe! Eti alimweleza dada wa kaunta mambo ya nthoni, dada akamhurumia, akatubadilisha.

Nimeruka mpaka Kisumu na koti kichwani. Mama mkwe naye amejifunika leso. Maji yaliletwa, hakuna aliyetoa mkono. Nyuma yetu nikamsikia Kasyoka akimwambia mzee kuwa ile ploti inataka mtu mtulivu. Aibu imenichoma, nikalia kidogo humo ndani ya koti. Tuliposhuka mzee akaniambia, "Kijana, hiyo koti toa kwa kichwa, watu watasema tumebeba mgonjwa."

Jumapili, 14 Septemba

Harusi ilifana. Mzee amesema mambo ya ploti ataamua kesho ndegeni, akishasikia na upande wangu. Sijashindwa! Kosa la Alhamisi lilikuwa la mashine yao. Nimeshafanya cheki-in ya kurudi: mimi na mzee, Kasyoka na mama mkwe.

Kasyoka hakuteta hata kidogo. Amekuja mpole, kichwa chini, akasema nimechoka na kazi ya familia, yeye atatafuta pa kuchapisha pasi hapa mjini. Ameomba tu ile namba ya tiketi, inayofungua viti vyetu vyote kwenye simu. Nimempa. Mtu akishakubali kushindwa, ni uungwana kumpa kazi ndogo ndogo. Sasa nalala. Kesho nina ploti.