Uzi wa Kioo na Treni ya Ballygunge

Ijumaa, 13 Septemba

Siku mbaya. Chai haijapoa, Daktari Sulagna, mkubwa wetu wa chumba cha leza, katuita mimi na Pijush. Kasema mradi umebanwa, mafundi wawili hatuwezi kubaki. Alhamisi watu wa reli wanakuja. Fundi atakayewaonyesha uzi bora, huyo ndiye mwenye mkataba. Mwingine, kwaheri.

Kwaheri yangu naijua inakokwenda. Duka la miavuli la shemeji Haradhan, Barasat. Kukaa nyuma ya kaunta kutwa nzima nikisubiri mvua. Mimi, Bhabatosh Samaddar, miaka kumi na moja nachora mistari ndani ya kioo, leo nifungue na kufunga miavuli! Nitakufa.

Na kazi yenyewe si ya kitoto. Uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Unauegesha nyuma ya kibamba chenye mifuo, unaupiga leza dakika ishirini na mbili. Ndani inabaki mistari maelfu kwa maelfu ambayo jicho haliioni. Ikikaa sawa, uzi unarudisha rangi moja tu ya mwanga. Ukivutwa kidogo, au ukipata joto, rangi inahama. Ukibandikwa darajani, hivyo ndivyo daraja la reli litakavyosema limechoka. Lakini meza ikitikisika wakati wa kuchora, hata kidogo tu, mistari inavurugika na kazi ni bure.

Leo uzi wa Pijush umerudisha mwanga asilimia tisini na tisa. Wangu sitini na moja. Treni ya Ballygunge ilipita! Inapita kila nikikaa mimi. Pijush akikaa haipiti. Nani anaiambia?

Jumamosi, 14 Septemba

Sikulala. Kajori, mke wangu, kalalamika kitanda kinacheza. Nimemwambia ni treni.

Mpango wa kwanza. Pijush ametulia kama maji mtungini, ndiyo siri yake. Basi nimtibue. Nimemwalika nyumbani kula ilish, samaki mwenye miiba kuliko nyama. Nia yangu: amtafune huku namweleza habari za mafundi waliofukuzwa wakaishia vibaya. Aogope, ameze mwiba, Jumatatu aje mikono inamtetemeka.

Kaja na peremende za Mithu, binti yetu. Kala vipande vitatu. Miiba anaipanga upande mmoja wa mdomo, anaitoa safi, huku akiitikia hadithi zangu kwa huruma. Kamsifu Kajori kwa mchuzi wa haradali. Mimi ndiye niliyekwamwa. Mwiba mrefu, kooni kabisa! Nimemeza matonge tisa ya wali mkavu. Pijush ndiye aliyenipiga mgongoni. Kajori kacheka mpaka kakaa chini. Kasema, baba Mithu, wewe hata samaki aliyekufa anakushinda.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimechora nyuzi tatu. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Wa tatu sisemi.

Treni. Na ngoma za mtaa wa pili. Na lile jicho la Pijush, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Mchana nimemkuta amelala chali chini ya meza ya leza. Anabandika uzi wake mmoja, uliokwisha kuchorwa, kwenye mguu wa meza. Kaunganisha na kinasa chenye kioo kidogo cha kuonyesha mstari. Kasema, kaka Bhabatosh, nataka nijue meza hii inatikiswa na nini, wewe pia itakusaidia. Nimemwambia ni treni, mtoto mdogo anajua. Kasema haya, tuuache uzi wenyewe useme. Nikacheka kwa dharau. Uzi useme! Na kiti nacho kitoe hotuba.

Kesho Bishwakarma, sikukuu ya mungu wa mafundi. Hakuna mtu wa karakana India nzima atakayegusa mashine. Tutazivika maua, tutazipaka rangi nyekundu, tutakula kichuri, ule wali wa dengu, halafu wote juu ya paa kurusha vishada.

Wote juu ya paa.

Lo! Bhabatosh, akili ni nywele, na wewe unazo bado!

Jumanne, 17 Septemba

Asubuhi tumezima kila kitu. Kasisi kaja na haraka zake, ana karakana kumi na moja za kumaliza. Kapaka alama nyekundu kwenye leza, kwenye kompyuta, kwenye jokofu, hata kwenye swichi ya feni. Leza kaivika shada la maua ya njano. Pijush kataka kusema jambo fulani kuhusu chini ya meza, lakini kasisi alikuwa keshapita na kidole chake, naye Daktari kasema kilichobarikiwa hakiguswi mpaka kesho. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza yangu.

Saa tisa mchana. Paani kelele tupu. Fakirchand mfagizi kakata uzi wa kishada cha Daktari mwenyewe, watu wanaruka. Nikashika tumbo. Nikasema kichuri kimenigeuka. Pijush kaniuliza kama anisindikize. Hapana! Tumbo ni langu.

Chumba cha leza, kimya. Jengo zima kimya. Mungu wa mafundi kaniangalia kwenye picha, na tembo wake kaniangalia. Nikawaomba radhi wote wawili. Shada la leza sikutaka lichafuke, nikalivaa shingoni. Nikawasha.

Dakika ishirini na mbili. Hakuna mlango unaofunguliwa, hakuna kikohozi. Nimekaa kama jiwe, naapa. Moyo tu ulikuwa unakwenda mbio, na nilivyofikiria ile kaunta ya Haradhan ukazidi. Nikaona miavuli. Nikaona Pijush anakaa kwenye kiti changu. Dakika ya kumi nikajikuta nimevua kiatu kimoja, sijui kwa nini.

Asilimia sitini na nne.

Sitini na nne! Na treni iko wapi leo? Mungu kaniadhibu, basi. Nimepiga meza ngumi, nimezima, nimepanda paani. Kufika, watu wote wananitazama. Fakirchand kauliza, bwana mkubwa, tukuabudu na wewe? Shada lilikuwa bado shingoni. Nikasema nimejaa uchaji ghafla. Wakacheka. Pijush hakucheka. Kalitazama lile shada, kaitazama miguu yangu, kiatu kimoja.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeshindwa kula. Mithu kaniuliza, baba, huko Barasat kuna shule? Nani kamwambia? Nimetoka nje nikazunguka jengo mara nne.

Mpango wa mwisho. Najua si mzuri. Sina mwingine.

Wakati wa chakula kila mtu yuko kwenye tambi, mimi kwenye kabati. Kisanduku cha uzi wa Pijush, kisanduku cha uzi wangu. Karatasi ya jina ni kipande tu chenye gundi. Nimebandua lake, nimebandua langu, nimebandika upya. Sekunde tisini. Sasa tisini na tisa ni mimi, na sitini na nne ni yeye. Nimejiambia ni mkopo tu. Mikono haikutetemeka hata kidogo! Fundi ni fundi.

Alhamisi, 19 Septemba

Naandika kwa shida.

Mhandisi wa reli, Bwana Lokenath, mnene, mpole, kaja na wenzake wawili. Tumekaa kuizunguka meza ya leza, chai na vijiko kwenye visosi. Daktari kapima kisanduku chenye jina la Pijush. Sitini na nne. Kashangaa mpaka kavua miwani. Kapima changu. Tisini na tisa! Kanigeukia. Kasema, Bhabatosh, umetuficha kipaji miaka yote hii? Wakapiga makofi. Nikainama kwa unyenyekevu. Furaha ilinipanda, nikataka kuimba. Pijush rangi imemtoka. Kidogo nimhurumie.

Halafu yule Lokenath, na upole wake. Namba nzuri, kasema, lakini nitajuaje uzi huu utasikia kitu kweli? Daraja langu lina watu juu yake.

Pijush kasimama. Kasema ipo kumbukumbu moja. Kinasa cha chini ya meza kilibarikiwa Jumanne kikiwa bado kinafanya kazi, hakuna aliyethubutu kukizima, basi kimenasa siku nzima. Nilisema tulizima kila kitu! Tulizima kila kitu!

Kaleta grafu. Asubuhi, vurugu za ibada. Mchana, mstari umelala. Treni ya Ballygunge, hii hapa, kijinundu kidogo, inapita, imekwisha. Halafu saa tisa na dakika saba, mtikiso. Mara nne kila sekunde. Dakika ishirini na mbili, bila kupumzika. Kuanzia dakika ya kumi unaongezeka.

Lokenath kauliza ni nini hicho. Daktari kasema hata yeye hajui, treni hupita, hiki hakipiti. Wote wakaikodolea grafu.

Mara kijiko kikasikika. Kti-kti-kti-kti. Kijiko cha Lokenath, kwenye kisosi chake. Wakakitazama kijiko. Wakaitazama meza. Wakainama. Mguu wangu wa kulia unacheza. Na kwenye kioo cha kinasa, mstari unaruka nao, mara nne kila sekunde, hauachi.

Nikasema ni treni.

Pijush kafungua daftari lake. Hakunitazama hata, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema kwa sauti ndogo, kaka, kila uzi wangu naandika rangi yake, mpaka tarakimu ya tatu. Jina la karatasi linabanduka. Rangi iko ndani ya kioo. Na rangi ya ule uzi wangu bora ilikuwa kwenye ukurasa wake, wa Ijumaa iliyopita, kwa mwandiko wake.

Za mwizi arobaini. Mimi nimepewa siku moja!

Ijumaa, 20 Septemba

Mkataba ni wa Pijush. Nililia. Nililia chooni, na Fakirchand kanipitishia karatasi chini ya mlango.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu Daktari aliponiita. Kanikaripia nusu saa nzima, nimestahili. Halafu kasema Pijush kaniombea. Na Lokenath kanitaka.

Mimi? Naam. Kasema uzi uliomkamata mtu kwa mguu wake tu ndio uzi anaoutaka darajani. Ila kabla treni hazijaruhusiwa anahitaji mtu wa kulitikisa, mahali hapa na pale, siku nzima, kwa kasi isiyobadilika, ili nyuzi zipimwe. Mashine ya kazi hiyo ni nzito kupandisha. Kauliza yule bwana wa kijiko anapatikana? Miezi sita. Pijush atasoma grafu, mimi nitatikisa.

Nimesaini kabla hajamaliza. Barasat nisamehe!

Jumapili, 22 Septemba

Nimetulia, nimefikiri, nimeelewa yote. Pijush kaniombea kwa sababu ananiogopa. Iko wazi. Anajua bila mimi grafu zake ni mstari uliolala.

Basi mpango. Siku ya kwanza darajani nitakaa kimya kabisa, nisitikise hata ukucha. Nyuzi zake hazitasikia kitu. Lokenath atasema zimekufa. Daktari ataniita. Nitaonekana nimezuia aibu, na kiti cha chumba cha leza kitarudi kwa mwenyewe. Kutulia tu, basi. Nani atashindwa kutulia?

Kajori kaja kuchukua kikombe. Kasema baba Mithu, acha, chai yote imemwagika kwenye meza. Nimemwambia si mimi, ni treni. Kasema tangu alfajiri watu wameketi relini Dhakuria wanaandamana, leo hakuna treni hata moja iliyopita.

Nikamwambia basi ni ya jana.