Kliniki ya Esanse Yenye Homa

Siku gari la Citoyen Chola lilipozimika mbele ya baa, Mwape alikuwa ameketi barazani na chupa moja tangu adhuhuri, akingoja mtu wa kumnunulia ya pili. Gari lenyewe lilikuwa Peugeot nyekundu ya injection, yaani lile ambalo pampu yake husukuma esanse, ile petroli, kwa nguvu mpaka ndani ya injini. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amelichokonoa zaidi ili liyapite magari yote ya Lubumbashi, na kweli liliyapita. Lakini katika miezi ya joto kabla ya mvua lilikuwa na tabia moja ya aibu: likisimama kidogo injini ikiwa moto, halikubali kuwaka tena.

Chola, mwenye viwanda vya mikate na mjumbe wa kamati ya Chama, alizungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likalia kama mbuzi. Walevi wakageuza nyuso kando, kwani mtu aliyevaa abakosti, suti ya wakubwa wa Chama, tena ya kitambaa ghali vile, hachekwi usoni.

Mwape akasimama. Hakuwa fundi. Alibatizwa Constantin, jina alilolitumia mpaka Serikali ilipokataza majina ya mapadri na kuagiza watu waitane Citoyen, yaani raia, na katika maisha yake alikuwa ameuza bima ya mazishi kwa watu wenye afya na picha za pasipoti kwa watu wasiokwenda popote. Kuhusu magari alijua mlango ulipo. Alifungua boneti, akagusa mrija wa esanse, akaungua kidole, na katika maumivu yale akaiona riziki.

"Citoyen," alisema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, "motere yako haina ugonjwa. Esanse njo iko na homa."

"Homa?"

"Homa kali. Gusa mwenyewe."

Chola akagusa, naye akaungua. Hakuna mahubiri yanayoshinda kidole kilichoungua.

"Na dawa yake?"

"Kupumuzika. Nitaitoa yote mu tanki, nitailaza ku baridi mpaka kesho. Ukiilazimisha kutembea na homa, citoyen, itakufia mu njia."

Ndivyo ilivyozaliwa kliniki ya esanse, huko mtaa wa Katuba, katika ua wa dada mkubwa wa Mwape, Germaine, mkunga ambaye nduguye alimwita Yaya. Mwape alichimba shimo, akapanga mapipa, akayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Alimwomba dada yake kipimajoto kimoja, akakifunga kwenye kamba ndefu. Kila gari lilipoletwa alikitumbukiza tankini, akakitoa, akakitazama juani, akatikisa kichwa bila kusema neno. Kile kimya peke yake kilikuwa nusu ya matibabu.

Ajabu ni kwamba wagonjwa walipona. Asubuhi iliyofuata siku ile ya baa Chola alirudi, akawekewa esanse yake, akazungusha ufunguo mara moja tu, gari likanguruma mtaa mzima ukaamka. Bila shaka injini nayo ilikuwa imelala baridi usiku kucha, na ingewaka hata kama ingewekewa esanse ile ile ya jana bila kuguswa. Lakini nani angemwambia Chola jambo dogo kama hilo wakati amefurahi vile?

Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Mwape, jana nilikuletea tanki ya kujaa. Leo mushale iko chini."

"Citoyen, muntu akiugua homa anakonda ao hapana?"

"Anakonda."

"Na esanse vilevile. Inakonda."

Chola akafikiri. Mwenyewe aliugua malaria mwaka uliopita, na suruali zake zote zilimpwaya. Akakubali.

Magari ya injection mjini yalikuwa machache, na wenyewe walikuwa watu wasiopenda kupitwa. Mwenye duka la vitenge aliposikia esanse ya Chola ina homa, ya kwake nayo ikaugua wiki ile ile. Ikafuata ya mkubwa wa forodha, kisha ya wakili. Homa ikawa heshima. Mwalimu mmoja mwenye gari kuukuu la kawaida alikuja naye akisukumwa, akiomba apimwe. Mwape alimrudisha kwa huruma: "Mwalimu, yako haina injection. Huu ni ugonjwa wa bakubwa." Mwalimu akaondoka ameinamisha kichwa.

Na kila tanki lililokonda, unene wake ulihamia kwenye mapipa mengine nyuma ya choo. Vituo vya esanse vilikuwa vikikauka wiki hadi wiki, watu wakilala foleni na madumu yao, na Mwape alingoja tu bei ipande zaidi. Mapipa manne yalikuwa yamejaa, ndipo Albertine akafika.

Alikuja Jumamosi asubuhi katika Peugeot ya injection ya bluu, na nyuma yake lori. Mwanamke wa Kipushi, mchuuzi wa mpakani, miwani myeusi, kitenge kipya, na sauti ya mtu asiyekuwa na haja ya kupandisha sauti.

"Njo wewe docteur?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mwape alijihisi anarefuka.

"Njo miye, mama."

"Niko na pipa sita ya bwana mukubwa mumoja. Jina yake sitaisema." Akatazama huku na huku. Enzi zile jina lisilotajwa lilitisha kuliko lililotajwa, na Mwape naye akatazama huku na huku. "Balizisahau ku jua siku mingi. Homa iko mubaya kabisa. Na msafara wake unatoka leo, hauwezi kungoya zipone."

"Leo? Mama, homa haina haraka."

"Nasikia kwako esanse inakonda. Basi chukua hizi sita za kuugua, unipe zenye zilishapona. Hata kama ni nne tu."

Mwape aliona kizunguzungu. Sita kwa nne, na kwa hesabu aliyoibuni mwenyewe! Akafungua pipa la kwanza. Harufu ya esanse ikampiga puani. Akachovya kipimajoto: moto kweli, kwani lori lilikuwa limesimama juani. Akachovya kidole, akanusa, akafumba macho. Yote sita vilevile.

"Zinahurumisha," alisema.

"Zinahurumisha sana," Albertine akakubali.

Wapakuzi walihema wakiyateremsha. Germaine, aliyekuwa akianika nguo, alisukuma pipa moja kwa goti lake.

"Constantin, juu ya nini hizi zinalemea kupita zile?"

"Yaya, zile zilikuwa zilishakonda."

Albertine alipakia yale mapipa manne yaliyopona, akamshika Mwape mkono, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mashindano ya magari. Wenye injection walikutana barabara ya Kipushi, nje ya mji, na watu walijaa pande zote mbili. Wakubwa wote walikuja na matanki karibu matupu kwa makusudi, kwani docteur mwenyewe ameahidi kuwapa esanse iliyopona, ya baridi, papo hapo. Chola alikuwa ametangaza kila mahali kwamba akishindwa siku ile atagawa mikate bure mwezi mzima. Mwape alifika na mkokoteni wa mapipa ya Albertine, akaingiza mpira wa pampu mpaka chini kabisa, akajaza gari moja baada ya jingine kama padri anayegawa komunyo.

Chola alitangulia peke yake kidogo, kuwaonyesha watu. Gari lilinguruma, likaruka, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu likakohoa. Likaenda kwa kurukaruka kama chura, likasimama katikati ya barabara, katikati ya kigelegele.

Gari la bluu lilikuwa limeegeshwa karibu. Albertine alishuka, akalegeza mrija wa gari la Chola, akakinga kilichotoka mkononi, akanusa, kisha akanyoosha kiganja kwa Chola.

"Citoyen, hii ni maji."

Watu wote wakamgeukia Mwape. Alimwona Albertine, akamtambua, akaelewa kila kitu kwa mara moja, toka uzito wa mapipa hadi ile miwani. Esanse juu, nyembamba kama unene wa kiganja; chini yote maji ya Kipushi. Lakini kumshtaki ilikuwa ni kusema alimpa nini, na alichompa alikitoa wapi. Akapumua.

"Citoyen Chola," alisema, "homa ikipona, muntu anatoka jasho."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikaenda barabara nzima. Chola peke yake hakucheka.

Albertine alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya boneti. "Ona, papa. Fundi wako alipitisha huu mrija karibu na bomba ya moshi. Inaichemsha esanse mpaka inageuka mvuke, na pompi haiwezi kusukuma mvuke. Unausogeza huku, unaweka kipande cha bati katikati. Na mrija wa kurudisha ku tanki aliukunja, na huo unanyooshwa. Halafu usitembee na tanki ya nusu. Esanse kidogo inapata moto mbio." Akatoa bati na waya katika gari lake, akafanya kazi pale pale, bila haraka, mbele ya watu wote.

Alipomaliza, Chola akapapasa mfuko. "Nikulipe nini, mama?"

"Hapana, papa. Docteur wako alishanilipa. Pipa nne za esanse."

Chola aligeuka polepole. "Pipa nne," alisema. "Muntu hana hata kinga, hana hata baiskeli, esanse pipa nne aliitoa wapi?" Na mwenye vitenge, na wakili, na mkubwa wa forodha, wote wakaanza kukumbuka jinsi matanki yao yalivyokonda.

Mwape hakungoja wamalize kukumbuka. Alikimbia. Wakubwa wakarukia magari yao, injini zikanguruma zote pamoja, magari yakasogea mita chache, na moja baada ya jingine yakakohoa, yakanyamaza. Wote walikuwa wametibiwa.

Mwape alikuwa ameshatembea mbali kuelekea Kipushi, kiatu kimoja mkononi, gari la bluu lilipompata na kupunguza mwendo.

"Panda," alisema Albertine.

"Unanipeleka ku polisi?"

"Polisi? Miye niko muchuuzi. Panda."

Alipanda, maana jua lilikuwa kali na hakuwa na kitu kingine cha kupoteza. Mshale wa esanse ulikuwa umejaa mpaka juu. Walikwenda, injini ikiimba vizuri bila kukohoa hata kidogo.

"Ile neno ya jasho," Albertine aliuliza, "ulikuwa umeipanga?"

"Hapana. Ilikuya yenyewe."

Alicheka mpaka gari likayumba. Kisha akajifuta macho.

"Kule Kipushi injection ni kidogo. Bacamion bote, yale malori, ni ya mazutu, ile dizeli."

"Mazutu inaugua nini?"

"Ile njo utaniambia wewe, docteur."

Mwape akatazama nje, akafikiri, akajinyoosha kwenye kiti.

"Baridi," alisema. "Mazutu inaogopa baridi."