Direkta Habebi Gunia

"Kasindi! Direkta, Kasindi nayo ni inchi ya inje?"

Musoki alikuwa amepanda juu ya benchi kwa hasira. Watu saba nyuma yake, wote wachuuzi wa soko ya Bwera, ngambo ya Uganda, wakapiga kelele pamoja.

Direkta Jonan akanyoosha tai. Shule yake ya biashara kule Kasese ilikuwa na tai moja, muhuri moja na chumba ya kukodi. Aliahidi wanafunzi safari ya masomo inje, kila mutu alete gunia ya kahawa, ati kuonyesha wanunuzi wazungu. Wao wakaimba Dubai, Dubai. Yeye akangoja siku ya soko, wakati mutu anavuka daraja bila pasipoti, akawavusha mpaka hapa Kasindi, upande wa Congo.

"Mama Musoki, mulivuka mupaka?"

"Tulivuka."

"Pesa ya huku ni ingine?"

"Ni ingine, lakini..."

"Bia?"

"Chupa iko kubwa kuliko yetu," akajibu mzee Blasio, kwa heshima kabisa.

"Basi muko inje. Someni!"

"Direkta, hii nyumba ulikodi ni ya shangazi yangu!" Bright akalia. Na kweli, shangazi Esperance akaingia na chai, akawasalimia wote kwa Lukonzo, luga yao ya nyumbani, akamuuliza Bright kama mama yake alipona mugongo.

Jonan hakutikisika. "Sasa mutihani. Masaa mbili. Mimi napeleka kahawa kwa wazungu, narudi nao."

Kwamba mutu huyu harudi, hata mbuzi ya Esperance ilijua. Lori ilikuwa inanguruma inje, magunia saba juu yake. Lakini Musoki akashuka benchi, sauti ikageuka asali.

"Direkta, tunakuamini. Acha tu kitu kidogo. Acha pikipiki ile ulikuja nayo."

Ile pikipiki ilikuwa chini ya dirisha, inangaa. Jonan hakuitolea jasho. Mwaka jana binti mumoja, Docus, aliitoa kama ada ya safari ya Nairobi, na hiyo Nairobi iliishia Ibanda, hapo karibu na nyumbani, pale Jonan alisema anaenda kununua maji. Docus alikuwa anabeba abiria nayo, ndiyo mama yao anakula. Sasa anatembea kwa miguu. Jonan ni mutu wa akili nyingi, lakini hakuuliza kamwe dada mukubwa wa Docus ni nani.

Akapima kichwani: magunia nane, pikipiki moja. Akatoa funguo.

"Na kadi yake," Musoki akasema.

"Kadi ya nini tena?"

"Ndiyo tuamini kabisa, Direkta."

Akatoa na kadi ya umiliki. Imani ni kitu nzuri.

"Basi tusaidie kubeba hii ya mwisho."

"Mama, mutu wa tai anabeba gunia? Direkta habebi."

"Nilijua," akasema Musoki, pole pole.

Mzee Blasio akainua gunia kwa bega moja, akafika karibu na mulango, ndiyo akakumbuka kuguna. Juu ya kila gunia kulikuwa konzi mbili ya kahawa safi ya Kyondo. Chini yake, mpaka mwisho, makapi, ile tunamwaga kwa migomba.

Jonan akafuata gunia yake. Pale mulangoni akageuka, kidole juu.

"Hakuna kuangaliana! Hakuna kutoka mpaka nirudi!"

"Ndiyo, Direkta," wakaitika wote, vichwa chini, kalamu mukononi, funguo chini ya kalio ya Musoki.

Akatoka, akafunga mulango taratibu, asiwasumbue watahiniwa.