Mti Uliogoma Kuchanua

Jumatatu, 1 Aprili

Nimefanya tena. Mdomo umetangulia, akili imebaki nyuma inavaa viatu.

Tulikuwa chekechea tunachukua kofia za watoto. Mama Ritsu akatangaza kuwa Jumamosi sisi akina mama wa watoto wapya tutakwenda Bustani ya Ngome kula chini ya miti ya sakura, ile inayojaa maua ya waridi kwa siku chache tu. Mama Ritsu ndiye anayetangaza kila kitu, na wala hakuna aliyemchagua. Akauliza nani atashika nafasi, maana wiki ya maua watu hugombania ardhi pale kama wanajenga. Akaongeza kuwa mume wake ameizoea kazi hiyo, kila mwaka anapata mahali pazuri tu.

Nikasikia sauti inasema, "Niachieni mimi! Mtakaa chini ya mti mzuri kuliko yote!" Sauti ilikuwa yangu.

Wote wakainamisha vichwa kunishukuru. Kotoha wangu alikuwa amejificha kwenye sketi yangu. Ana miaka mitatu, na mbele ya wageni hatoi neno. Tumehamia mji huu juzijuzi, hana rafiki hata mmoja, na wiki ijayo ataingia darasani peke yake. Namwona kabisa amesimama pembeni na kikofia chake.

Kwa hiyo mpango ni huu. Mama zao wakiupenda mti wangu, watanipenda na mimi. Wakinipenda, watawaambia watoto wao wacheze na Kotoha. Hapo hapashindikani kitu!

Mume wangu Tetsuya ameuliza kama nimewahi kushika nafasi maishani mwangu. Nimemwambia ni turubai na mawe ya kulikandamiza, si chuo kikuu.

Jumatano, 3 Aprili

Balaa! Kila mti una turubai lake la buluu, na jina la mwenyewe limebandikwa juu. Wazee wa karaoke. Watu wa benki. Wapenda mbwa. Nimezunguka ngome nzima nikimsukuma Kotoha kwenye kigari mpaka gurudumu likaanza kulia.

Halafu nikauona. Mti mkubwa, matawi mapana, kando ya handaki la maji, na mnara wa ngome nyuma yake kama picha ya kalenda. Chini yake hakuna mtu! Hakuna turubai! Miti mingine imeshaanza kufunguka, huu una matumba magumu tu. Nikatumia akili. Kivuli cha mnara ndicho kinachouchelewesha. Jumamosi utafunguka wote kwa mpigo, na sisi tupo chini yake.

Kwenye shina kuna kibao chenye maandishi ya kitaalamu, herufi ngumu ngumu. Nimetundika mkoba wangu hapo. Ni pazuri sana kwa mkoba.

Bibi mmoja aliyepita na mbwa akaniuliza, kwa upole, kama kweli nataka kukaa pale. Nikamwambia ndiyo. Wivu tu.

Alhamisi, 4 Aprili

Matumba hayajatikisika. Nimeanza kuwa na wasiwasi kidogo. Mti huu unasikia baridi!

Basi nikachukua vipakiti vya joto vilivyobaki tangu majira ya baridi, vile tunavyotia mfukoni, nikapanda juu ya boksi la chakula nikavifunga kwenye matawi kwa uzi. Kotoha akanishikia uzi. Halafu bila kuambiwa akalivuta tawi la chini akaanza kulipulizia, fuu, fuu, mashavu yamemwiva. Huyu mtoto ana moyo. Nikapuliza naye.

Mlinzi wa bustani akatokea, filimbi mdomoni. "Wee mama, shuka! Huo ni mti au mgonjwa wa mafua?" Nikamweleza kuwa ninausaidia. Akasema mti umesimama hapo tangu enzi za babu yake bila msaada wangu. Akaviondoa vyote kwa fimbo. Nikainama kuomba radhi, Kotoha naye akainama kando yangu, chini kuliko mimi.

Getini nikakutana na Mama Ritsu. Eti amekuja kutembea tu. Kutembea gani, alikuwa anapeleleza! Akauliza nafasi iko wapi. Nikamwambia ni siri, ila alete miwani ya jua, uzuri ule utamuumiza macho. Kwa nini nasema vitu hivi?

Ijumaa, 5 Aprili

Bustani nzima imechanua. Huoni anga. Mti wangu? Upara mtupu.

Tetsuya ameuliza kama hauwezi kuwa ule wa aina ya wachelewaji, unaochanua wenzake wakishapukutika. Nimemjibu kuwa yeye ni fundi wa mabafu, miti aniachie. Halafu nimelia kidogo jikoni, bomba likiwa wazi asinisikie.

Baada ya kulia, wazo! Zile karatasi laini za waridi za kupambia ukumbi wa shule. Unakunja, unafunga katikati, unafumua: ua. Tumetengeneza mfuko mzima. Yangu yanafanana na kabichi. Ya Kotoha yanafanana na kabichi iliyokanyagwa. Kwa mbali hakuna atakayejua. Kesho nitayatundika kabla mlinzi hajamaliza chai yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Walikuja, mama na watoto. Walipita chini ya mawingu ya maua, wakashangaa, wakapiga picha, wakafika kwangu. Mti mmoja wenye upara, umevaa kabichi za karatasi.

Wakavua viatu wakakaa, maana adabu ni adabu. Mama Ritsu akatazama juu kwa muda mrefu. "Mama Kotoha, mwenzangu," akasema, "huu unachanua baada ya wiki mbili. Mji mzima unajua. Imeandikwa hapo, nyuma ya mkoba wako."

Nikasema nilijua. Nilitaka tuwe tofauti.

Ndipo manyunyu yakaanza, na rangi ya karatasi ikaanza kudondoka. Tone kwenye tonge la wali la Mama Nagi, ambaye ni mpole na akalila hivyohivyo. Tone kwenye paji la uso wangu. Koti jeupe la Mama Ritsu likageuka chui wa waridi. Nikatamani handaki la maji linimeze. Basi, nikawaza, nimemharibia mwanangu kabla hata hajaanza.

Mtoto Ritsu akauliza kwa sauti kwa nini mti unatoka makamasi.

Na Kotoha, Kotoha wangu asiyetoa neno, akatoka nyuma ya sketi yangu! "Unaumwa mafua," akamwambia. "Mama aliuwekea vipakiti vya joto, babu wa filimbi akatugombeza."

Mama Ritsu akaguna. Akajizuia. Akashindwa. Akacheka mpaka akajilaza kwenye turubai, rangi inamchuruzika puani, na wengine wote wakaangua kicheko.

Ritsu akataka kujua mgonjwa anatibiwaje. Kotoha akamwonyesha. Kutwa nzima watoto wamezunguka matawi ya chini wakipuliza, fuu, fuu, "Pona! Pona!" na Kotoha akiwa daktari mkuu. Amemgombeza Ritsu kwa kupuliza vibaya. Sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo.

Jumapili, 7 Aprili

Kotoha ameamka akimuulizia Ritsu kabla ya kuniulizia mimi. Imenichoma kidogo. Imenifurahisha sana.

Tetsuya ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kuwa nina jicho la kuchagua miti. Ningechukua mti wa kawaida tungekula, tungesinzia, tungerudi nyumbani. Nilihisi tangu mwanzo.

Mchana Mama Ritsu ametuma ujumbe. Rangi haitoki kwenye koti. Ritsu anamtaka daktari wake. Na je, nani atashughulikia samaki wa kitambaa wa kupeperushwa angani Sikukuu ya Watoto mwezi ujao? Mume wake ana mlingoti wa kumtundika.

Mlingoti! Nimejibu simu ikiwa bado inatetemeka mkononi: hilo ni langu. Tetsuya ameziba uso kwa mto.

Lakini nimeshapanga kila kitu. Samaki wetu atakuwa mkubwa kuliko wote mjini, kwa hiyo anahitaji kwenda juu. Pale kituo cha zimamoto kuna mnara mrefu wa chuma, na juu yake hakuna chochote ila kengele. Kengele nitaizungushia blanketi, isije ikawashtua watoto.